Puto Jekundu

Jumamosi saa mbili asubuhi tulilijaza gesi,
mimi na Gordon Halvorsen, nyuma ya kanisa la Walutheri
lililofungwa mwaka juzi kwa kukosa waumini.
Puto kubwa, jekundu, la kutangazia magari ya mitumba,
Gordon kaliazima kwa mkwewe.
Kamba tukaipima kwa utepe wa seremala:
futi arobaini na sita.
"Acha watu wajionee," akasema. "Nyumba sitini,
ghorofa nne, juu ya vichwa vyetu."

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa Birchmont.
Miaka kumi na mmoja naandika:
mbwa wa nani kabweka, theluji ya nani haijazolewa,
rangi gani haifai mlangoni.
Safari hii niliandika kurasa saba.

Phyllis Tetzlaff alisimama na nyanya zake.
Kweli, alizileta, tatu, ndani ya bakuli,
akazipanga mezani mbele ya mtu wa manispaa
kama mama aliyeleta yatima mahakamani:
"Mwezi wa tisa, kivuli kitazifika saa tisa."
Mwingine akataja maegesho. Mwingine, mabomba ya majitaka.
Mwingine akasema hana ubaya na mtu yeyote,
kisha akanyamaza, na ule ukimya
sikujua niuandike vipi.
Niliandika: "Hoja imepokelewa."

Neno "nafuu" likazunguka ukumbini
likishikwa kwa ncha za vidole, kama soksi ya mgeni.
Nami nilinunua nyumba yangu mwaka sabini na mbili,
dola elfu kumi na sita, mkopo wa askari, riba ya huruma.
Hakuna aliyeniita nafuu.
Waliniita kijana, wakaniletea keki.

Basi puto likapanda. Upepo wa mtoni ukalilaza upande,
likayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Watoto wakaja na baiskeli, wakapiga makofi.
Gordon hakuyapenda yale makofi.

Saa nne akatokea Pahoua Xiong, ametoka zamu ya usiku
nyumbani kwa Gordon, anakomlisha na kumgeuza mama yake,
bibi wa miaka tisini na nne asiyemjua tena mwanawe.
Pahoua anamjua.
Kwake ni maili thelathini na tano kutoka hapa,
yeye na mabinti wawili, chumba kimoja juu ya duka la matairi.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo. Urefu wake."
Akaliangalia sana, kiganja juu ya nyusi.
"Na ghorofa ya pili itakuwa wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikavuta kamba,
mkono juu ya mkono, puto likashuka
likatulia usawa wa kioo cha rangi cha kanisa.
"Hapa," nikasema. "Kama hapa."
Akarudi nyuma hatua tatu, akageuka,
akayafuata kwa macho ambayo mtu wa pale angeyaona:
paa la Phyllis, mto, kituo cha basi la shule.
"Jiko," akasema, si kwangu, "jiko liwe upande huu."

Gordon alikuwa na kamera mkononi. Hakupiga picha.
"Umechoka, Pahoua. Nenda ukalale," akamwambia kwa upole,
na upole ule ulikuwa wa kweli,
hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumanne kura zikahesabiwa: thelathini na moja za kupinga,
nane za kukubali, mtu mmoja hakunyoosha mkono.
Mtu huyo ni mimi.
Na barua naiandika mimi, kwa hati yangu nzuri:
"Sisi wakazi wa Birchmont, kwa masikitiko..."
Kalamu imekwama kwenye masikitiko.

Puto halijarudishwa. Limo gerejini kwangu, gesi inavuja.
Jumatano lilikuwa limegusa dari.
Jana likaning'inia juu ya mashine ya kukatia nyasi.
Leo asubuhi nimefungua mlango nikalikuta
limeshuka usawa wa uso wangu,
linazunguka polepole,
kama linalonitafuta niliko.