Kuwasha

Saa tisa usiku, Mabatini.
Umeme umerudi, friji ya jirani inakohoa,
nami nimekaa ukingoni mwa kitanda
nakwangua ugoko
kama mtu anayebandua ukoko wa ugali.

Miaka mitatu. Nimejipaka mafuta ya nyonyo,
salfa ya njano, maji ya mwarobaini,
na dawa ya kuogeshea mbwa, samahani,
niliyouziwa Mlango Mmoja
na kijana aliyeapa kwa jina la mama yake.
Shangazi Holo alisema: umetupiwa.
Mwenye nyumba alisema: kama ni kunguni, umekuja nao.
Nikachoma godoro.
Nikabaki na mwasho, na godoro sina.

Upele humwota asiye na kucha, walisema.
Mimi kucha ninazo. Upele ndio haupo.
Shuka langu lina madoa madogo, mekundu,
kama mtu amekaangia nyanya kitandani.

Bugando, daktari wa ngozi alinimulika kwa tochi
toka kisogoni hadi vidoleni.
"Mdudu simwoni, Nyamizi."
Akaniandikia mafuta, kisha mlango wa nne, kushoto,
ambako nilidhani hupelekwa waliochanganyikiwa.
Nililia kwenye ngazi.
Kwa hiyo najitungia? Na hii damu
nayo nimeitunga?

Yule wa mlango wa nne, Lufungulo,
bwana mfupi, soksi zisizofanana,
hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza: saa ngapi?
Akanituma ninunue daftari la shule.
"Andika kabla hujakuna. Ukishakuna, andika pia.
Mimi si polisi."

Jumatatu, saa tatu usiku. Simu ya kaka Masalu. Mkono wa kushoto.
Jumatano. Mwaloni, dagaa magunia tisini, mizani mimi peke yangu. Hakuna kitu.
Alhamisi. Mtu kataja Kisesa. Mwili mzima.
Ijumaa. Foleni ya kivuko, Kamanga. Mama mmoja kajikuna shingo,
nami nikaanza, na wa nyuma yangu akaanza.
Tukacheka watatu, hatujuani.
Jumapili. Misa, pilau, jua zuri. Hakuna sababu.
Nimekuna hadi damu.

Kisesa ndiko ilikokuwa nyumba ya mama.
Tuliiuza yeye akiwa wodini. Masalu alileta karatasi,
nikatia sahihi juu ya kabati la dawa.
"Lipu wameshapiga?" mama aliuliza.
Nikasema wameshapiga, mama. Inapendeza.
Alikufa akiichagulia rangi.

Hili padre halijui. Nilimwambia mwenye soksi.
Hakushtuka, hakunisamehe.
Alisema: "Hilo silo lililoanzisha. Ngozi yako ni kavu toka utoto.
Ila kila likija, linapuliza jiko."

Basi nakata kucha kila Jumamosi.
Mafuta, ngozi ingali na maji ya kuoga.
Ukija: kunja ngumi, hesabu thelathini,
kitambaa cha baridi, usikune, usipambane.
Mwasho una kilele, kumbe.
Ni kama kupanda yale mawe ya Bugarika:
siku zote nilikuwa nageukia njiani,
sikujua upande wa pili kuna mteremko.

Si kila mara. Wiki jana sikufika hata ishirini.
Masalu amepiga mara mbili, sijapokea,
na hilo nalo limo kwenye daftari.

Lugha yetu ina ubahili wake:
neno moja linawasha jiko, linawasha taa,
linawasha mguu.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Friji imenyamaza.
Mama angetaka kijani, nadhani, ile ya majani mabichi.
Mguu unawasha.
Nawasha taa, natafuta kalamu.