Mzani wa Kahawa

Maboksi tuliomba kwa muuza majokofu karibu na Soko la Kati,
sita, makubwa, yangali yananuka plastiki mpya.
Mimi ndiye fundi. Siendi.
Kazi yangu ni kuvunja baiskeli iliyo nzima
ili ikaunganishwe mbali, na watu wasiokumbuka
kwamba pedeli ya kushoto hufunguka kinyume.
Nimewaandikia kwenye karatasi ya kaki.
Nakijwa kaikunja, kaitia ndani ya pasipoti.

Miezi minne wamepanda Kibosho kabla ya jogoo wa pili
na kushuka na umande kwenye nyusi.
Waumini wa ibada ya kwanza wamewazoea:
"Haya, wa Italia hao."
Mama yake Shafii ndiye haelewi mpaka leo.
"Mwanangu, watu hupanda ndege waachane na baiskeli.
Wewe unapanda ndege ukapande baiskeli?
Baba yako aliikanyaga hadi Himo kila siku ya gulio,
mikungu minne kwenye keria,
na sikuona aliyempigia makofi."
Shafii alicheka. Mimi sikucheka.
Fremu ya mzee yule ndiyo niliyojifunzia kuchomelea.

Kule, wanasema, watu hushika kulia.
Basi tukateremka TPC, kwenye njia za mashamba ya miwa,
zimenyooka hadi zinachosha macho,
nikasimama katikati na kitambaa chekundu:
Kulia! Kulia, Mkunde!
Mkono wake unakubali, mwili unagoma.
Miaka arobaini na mmoja ya kushika kushoto
haimtoki mtu kwa asubuhi mbili.
Wakata miwa wakaweka mapanga chini
watazame watu wazima wakifundishwa kukosea.
Trekta likachomoza.
Wote sita, kama kuku,
wakakimbilia kushoto.

Majibu yalikuja Alhamisi na basi la usiku kutoka Dar:
pasipoti tano zina stika,
moja imerudi kama ilivyokwenda.
Anaeli.
Akaunti yake, waliandika, haiwashawishi kwamba atarudi.
Anaeli, mwenye ng'ombe wawili
wasiokubali kukamuliwa na mkono mwingine!
Hakusema kitu. Aliomba spana namba kumi na tano,
akachuchumaa, akaanza kulifungua boksi lake mwenyewe.
Nilijifanya natafuta grisi.

Jumamosi tukayabeba yaliyobaki hadi chama cha msingi,
tukayapima kwenye mzani wa kahawa,
yasizidi kilo ishirini na tatu.
Karani akachomoa kalamu sikioni:
"Hii niiandike daraja gani?"
Tukacheka, kisha kicheko kikatuishia,
kwani nyuma yake magunia yamepangwa hadi darini
na karani, bila kuulizwa, akasema
mengi ya haya, amesikia, huishia Italia.
Kila msimu.
Hakuna aliyeiuliza kahawa ina shilingi ngapi benki,
wala kama itarudi.
Na kweli hairudi.

Leo alfajiri pikapu imeondoka na maboksi matano.
Kamba nimefunga mimi, nikazikagua mara mbili,
nikarudi nikazikagua tena.
Mbele yao Anaeli, juu ya baiskeli yake iliyorudi kuwa baiskeli,
amevaa jezi ile ile ya kundi,
ITALIA mgongoni kwa uzi wa kijani
(herufi ya mwisho imepinda, dada yangu alishona akisinzia).
Kawasindikiza mteremko wa Kikafu, kawavusha Boma,
hadi wanakokunja kwenda KIA.
Nakijwa kanipigia kutoka getini:
"Fundi, njia nzima alishika kushoto.
Ila huku ndani, barabara ilipokuwa tupu,
akavuka akashika kulia,
akaenda hivyo, taratibu, kama mita hamsini,
bila kugeuka kututazama."

Saa saba alipita karakana.
Cheni ilikuwa inalia.
Nikamwambia, leta niitie mafuta.
Akasema kesho.
Ng'ombe hawajanywa maji.