Moja Nukta Tisa

Saa nane usiku umeme ulirudi Arua
na feni ya seva ikaanza kukohoa juu ya kabati.
Diski: asilimia tisini na saba.
Asibazuyo alikuwa ameniandikia kutoka Kampala:
Futa ya zamani, bakiza matatu ya mwisho.
Mbona unalea maiti?

Sikumjibu. Nilichemsha chai kwanza,
kisha nikafungua ghala letu, hili la wote,
ambamo yeyote huchukua bila kubisha hodi
na wachache hurudi na kitu mkononi.
Matoleo arobaini na moja ya programu moja,
ya kuhesabu dawa kwenye rafu za zahanati.
Wahenga walisema ya kale hayanuki.
Hawakuwahi kununua diski.

Nikaanza mvunguni, nikainama.
Sifuri nukta tatu: aliliandika Munguci
kwa kompyuta ya kuazima, akilinda bohari la tumbaku;
lilidhani Februari ina siku thelathini.
Nikacheka peke yangu, nikafuta.
Sifuri nukta saba halikujua kutoa.
Dawa zikiisha, lenyewe lilisema zimebaki.
Hilo nililifuta kwa kulipiza.

Moja nukta mbili: Drateru alisahihisha koma.
Koma moja,
na kwenye orodha ya mabadiliko akaandika
jina lake, la babake, la babu yake,
kama mtu anayetia sahihi hati ya shamba.
Kidole kikasita.
Koma ile imo katika kila toleo lililofuata;
jina limo humu tu.
Nikalihamishia jina kwenye faili la wachangiaji,
likakaa kati ya majina ya watu nisiowajua.
Ndipo nikafuta.

Moja nukta tisa.
Lina tundu, tunalijua sote, tulilitangaza wenyewe:
mwizi mwenye subira angeweza kupita humo.
Nilikuwa nimeshagusa kitufe
nilipoona kihesabio cha waliolipakua.
Mtu mmoja. Kila mwezi, tarehe mbili,
mara moja. Miaka minne.

Ilinichukua hadi adhuhuri kupata namba ya simu:
zahanati ya Adjumani, ng'ambo ya feri ya Laropi,
muuguzi aitwaye Anzoa.
"Kumbe ghala lina watu?" alisema.
"Mimi nilidhani linajiendesha."
Kompyuta yake ni ya msaada, ya siku nyingi.
Kila mwezi flashi za wageni huijaza virusi,
naye huifuta yote, huanza upya.
Toleo jipya alilijaribu.
"Liliniambia mashine yako haifai.
Hivyo hivyo, haifai. Mbele ya wagonjwa."
Kisha muda wa maongezi ukamwishia,
au wangu.

Nikarudi nyuma miaka minne.
Msimbo wa zamani ni kama nyumba uliyohama:
unajua swichi ilipo, mkono unaikosa.
Nilikuta maelezo niliyoandika mwenyewe,
hii nitairekebisha kesho,
nikamwonea haya kijana yule na kesho yake.
Usiku wa kwanza sikuelewa kitu.
Wa pili umeme ulikatika nikiwa katikati.
Wa tatu nililishona tundu kwa uzi wa wakati ule,
bila kuongeza pambo, bila kifungo kipya,
nikaliita moja nukta tisa nukta moja,
na penye sababu ya mabadiliko nikaandika: Anzoa.

Asibazuyo aliuliza nani anatengeneza mbele
ikiwa mimi natengeneza nyuma.
Swali zuri. Bado sina jibu lake.

Tarehe mbili nilikaa mbele ya kioo tangu alfajiri
kama mtu anayesubiri maji yachemke.
Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna.
Saa tano na dakika sita
sifuri ikageuka moja.

Diski? akaandika Asibazuyo.
Tisini na mbili, nikamjibu.
Nimefuta video ya harusi yangu.
Shemeji anayo nakala, nadhani.