Siku Tisa za Sita Nukta Nne

Kila asubuhi, saa mbili kamili,
mama alishuka ngazi za gati na ndoo ya bati,
akaitupa kwa kamba, akaivuta,
akatumbukiza kipimajoto, akahesabu hadi mia na ishirini
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Kisha penseli. Kisha tarakimu. Kisha chai.

Walimlipa kidogo, watu wa Tórshavn:
bei ya sufi ya glavu mbili kwa mwezi.
Jirani yetu Sunnvør alipouliza
maji yana nini hata yapimwe kila siku,
mama alijibu, "Mguse mwanao paji la uso mara moja,
utajua ana joto. Hutajua kama linapanda."

Visiwa vyetu vya Faroe vimekaa njiani.
Maji ya uvuguvugu hutoka kusini magharibi, yakatupita
kama wageni wasiobisha hodi;
na chini kabisa, gizani, mita mia nane,
maji ya kaskazini, baridi ya kukata mfupa,
hupita yakielekea kwingine. Hayasalimiani.
Sisi wa juu tunaujua tu mkondo wa kupwa na kujaa,
unaogeuka kila baada ya saa sita
na kubana mlango wa bahari
hadi mashua yenye injini inasimama palepale, ikinguruma.

Nilipokuwa na miaka kumi, mwezi wa pili,
mama alilala na nimonia.
"Høgni," alisema, "ndoo ni yako."
Siku ya kwanza nilipima. Sita nukta nne.
Siku ya pili upepo ulininyang'anya kofia kwenye ngazi ya tatu,
nikaona maji meusi yakipanda na kushuka
kama kifua cha mnyama aliyelala,
nikarudi jikoni, nikaandika: sita nukta nne.
Kesho yake, sita nukta nne.
Mtondo, vilevile.
Siku tisa bahari nzima ilisimama tuli
kwa sababu mtoto mmoja aliogopa.

Leo nafanya kazi na watu walewale wa Tórshavn.
Natia nanga maboya yenye betri, yanapima kila dakika kumi,
hayaugui, hayaogopi.
Eyðbjørg ofisini hunionyesha mstari kwenye kompyuta,
miaka hamsini na miwili, ukipanda
kama mtu anayekwea mlima huku akisimama kupumua.
"Na yote kwa ndoo!" husema, akicheka.
Ukiona vyaelea, vimeundwa;
lakini ubao mmoja humo niliuchonga mimi, umeoza,
na nimesafiri juu yake nimefunga mdomo.

Wiki iliyopita nikayafungua madaftari kabla ya kuyakabidhi.
Yalinuka mafuta ya taa na samaki mkavu.
Februari. Mwandiko wangu, tarakimu nono kama kondoo.
Na pembeni ya zile tisa,
si ile ya kwanza, tisa tu,
nukta ndogo ya penseli, ya mkono wake:
alama aliyoiweka siku kamba ilipokatika
au kipimajoto kilipopasuka.
Maana yake: usiitegemee.

Dirisha la chumba alimolala linatazama gati.

Hakufuta. Hakuniuliza kamwe.
Nikamwandikia Eyðbjørg: zitoe hizo tisa, acha pengo.
Akajibu kabla chai yangu haijapoa:
zilitolewa zamani, nilikuwa bado shuleni,
mtu fulani alizisoma nukta.
Nikaukuza mstari. Kweli, lipo,
jembamba kama mwanya wa meno,
nimelipita kwa macho miaka yote hii.

Asubuhi hii boya lilikuwa kazini, halinihitaji.
Nimeshuka hata hivyo, ngazi ya tatu, ya nne, ya mwisho.
Mia na kumi na nane, mia na kumi na tisa.
Saba nukta mbili.
Kamba imenichubua kiganja,
na sijui niiandike wapi.