Swali la Kumi na Saba

Holger ametoka kununua betri za mizani,
ile ndogo ya kuning'inizia mabegi.
Nami nimebaki jikoni, Emden, mvua ya Machi
ikigonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo,
nimeinamia fomu ya bima ya safari.

Meli itang'oa nanga Kiel tarehe tisa Juni.
Sisi tutafika tarehe nane. Hilo nililishikilia kwa meno:
treni kuchelewa ni jambo la kila siku,
na meli haina shemeji.
Chumba nimechagua cha katikati, sakafu ya chini,
pale ambapo bahari hutikisa kwa adabu.
Dawa za Holger nimezigawa mafungu mawili:
moja begi la mkononi, maana masanduku huchukuliwa bandarini
na kukufikia usiku, na presha haingoji masanduku;
jingine chini ya sweta zangu,
pamoja na barua ya daktari inayotaja kila kidonge
kwa jina lake halisi, si jina la dukani.

Bwana Thoms wa bima alinieleza kwa simu, polepole,
kama anayemlisha mtoto uji:
ile kadi yetu ya hospitali za hapa
haina sauti ndani ya meli. Daktari wa melini ni duka.
Atakutibu, kisha atakupa risiti.
Na helikopta ikija kukuchota kati ya maji na mlima
hudai bei ya nyumba ya dada yangu, bila samani.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Andikeni kila kitu," akasema, "hata mnachodhani ni kidogo.
Kampuni hailipi siri."

Nikaanza na mume. Mume ni rahisi.
Moyo: ndiyo, stenti moja. Presha: ndiyo. Sukari: inanyemelea.
Bawasiri: alinisihi nisiandike, akaapa
hakuna helikopta iliyowahi kuitwa kwa ajili hiyo.
Nimeandika. Kwa herufi kubwa.

Kisha ukurasa wangu.
Sigara: la. Moyo: la.
Magoti yanalalamika, lakini yanakwenda kazini.
La, la, la, kalamu ikiteremka kama mtoto kwenye ngazi,

mpaka la kumi na saba:
*Je, kuna kipimo ulichofanyiwa ambacho bado unasubiri majibu yake?*

Kalamu ikakaa chini.

Ile Jumanne niliyosema nakwenda kwa Silke kutundika mapazia
sikuwa kwa Silke. Nilikuwa nimelala chali
katika chumba chenye picha ya mnara wa taa darini,
na Dakta Oltmanns, binti wa watu, vidole baridi,
akanichoma sindano titini, akaomba radhi mara tatu.
"Siku kumi," alisema. Leo ni ya sita.

Silke mwenyewe hajui kwamba ana mapazia mapya.
Na Holger nimemwachia ramani yake ukutani,
pini nyekundu kwenye kila hori,
na Kinorwe chake cha maneno manne:
asante, bafu, samaki gani huyu.

Naweza kuandika La. Herufi mbili.
Nani atajua? Hadi siku nitakapozidiwa,
Bwana Thoms afungue faili, avae miwani,
na herufi mbili zipande bei zifike nyumba ya dada yangu.
Naweza kuandika Ndiyo.
Lakini chini kabisa kuna mistari miwili ya sahihi,
wake na wangu, ubavu kwa ubavu,
na hilo sikulipigia hesabu,
mimi niliyehesabu soksi.

Nasikia baiskeli ikiegemea ukuta.
Anaingia, maji yakimdondoka puani,
ameinua betri juu kama kikombe cha ushindi.
Anazipachika. Ananing'iniza sanduku tupu.
"Kilo mbili na nusu," anashangaa, "na hatujatia kitu!"

Namwambia akae.
Anadhani ni bawasiri.