Moja kwa Themanini na Saba

Mita nzima ya reli kwangu
ni milimita kumi na moja na nusu.
Mtu mzima hafikii urefu wa pini.
Behewa la daraja la tatu nimelikata kwenye kopo la sadini,
nikalipiga msasa hadi samaki akafutika,
limebaki jicho lake tu, chini ya ngazi,
na sikulifuta.

Mataruma ni njiti za kiberiti.
Nilizikata vichwa, nikazilaza kwenye chai ya rangi,
mia tisa na ushei,
kutoka stesheni hadi ukingo wa mlango.
Asubuhi Siwatu anatafuta moto, hapati.
"Umetulaza na njaa," alisema,
"kwa ajili ya treni isiyopakia mtu."

Majani ni unga wa mbao wa Nassibu, fundi wa Keko.
Niliupaka rangi mara tatu,
mara ya tatu ndipo ukakubali kuwa masika.

Sheria yangu ni moja: mwaka ni hamsini na nane.
Kisichokuwapo, hakipo.
Chambuso aliniletea kigari cha mwanawe, chekundu, kizuri.
Nikamwambia hiki hakijazaliwa.
Akakirudisha mfukoni.
"Na wewe je, umezaliwa?"
Sijazaliwa. Bado miaka mitatu.
Ndiyo maana simo kwenye jukwaa.
Baba yumo, na bendera yake ya uzi wa kijani,
shingo imepinda kwa gundi iliyowahi kukauka.
Hata mwenyewe alikuwa hivyo.

Kupiga picha ndiyo kazi.
Ukisimama, unaona mlango wenye takataka.
Basi shuka goti, shuka tena,
laza shavu kwenye ubao,
simu iwe pale abiria angeweka macho.
Moshi ni udi. Jua ni tochi,
na bahasha nyeupe ya kurudishia mwanga upande wa kivuli.
Feni zima. Jasho likidondoka,
Msimbazi umefurika.
Juzi alipita sisimizi,
kwa hesabu yangu mkubwa kama mbuzi.
Nikamngoja avuke.
Treni nayo hungoja mbuzi.

Nimesema mlango. Ndiyo, si meza.
Ni mlango wa Buguruni, wa chumba cha uani,
tuliuchomoa na bawaba zake
tingatinga likiwa limeshafika kwa jirani.
Chini ya majani, chini ya gundi na magazeti,
ile X nyekundu bado ipo.
Reli yangu inapita juu yake.
Sikukusudia. Nilipima mara mbili,
nikapata palepale.

Jana Siwatu alisimama nyuma yangu, mikono ina unga.
"Na kwetu ni wapi?"
Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli.
"Hapo. Ila mwaka huu bado ni mikorosho."
Hakubishana. Alikwenda jikoni,
akarudi na kiberiti,
akakilaza kando ya reli.

Nikazidisha kichwani, ndio ugonjwa wangu:
sentimita tano kwa tatu na nusu,
mara themanini na saba.
Mita nne na robo, kwa tatu.
Chumba chetu kilekile, kasoro dirisha.

"Kitoe," nilisema, "kinaharibu mwaka."
"Piga kwanza. Wale hawakutupigia hata picha."

Nikashusha shavu.
Lenzi ikatafuta, ikasita,
ikaenda kwa treni, ikarudi,
ikachagua kiberiti.

Treni imetoka ukungu.
Baba ni ukungu wenye doa la kijani.
Kiberiti kinasomeka chote, hadi idadi ubavuni:
njiti arobaini.
Ndani hamna hata moja.
Ziko chini ya reli, zimelala,
hazina vichwa.