Santuri ya Mwalimu Lushinge

Miaka mitatu ziwa lilimwibia chaji.
Alisugua santuri kwa soksi kuukuu ya sufu,
akaizungusha kwa gurudumu la cherehani ya mkewe,
na kabla sindano haijaambiwa neno
unyevu wa Kirumba ulikwisha kuingia dirishani
ukailamba chaji yote, kama mbuzi na chumvi.

"Tungoje Julai," akasema. Tukangoja.
Zikapita zile nguzo za vijidudu vya ziwa,
moshi unaojisokota juu ya maji,
naye akatupa mgongo darasani, akizitazama:
"Kila mmoja angebeba chaji kidogo tu,
nguzo ile ingekuwa sumaku."
Tulicheka. Hakuwa akitania.

Kanuni tulizisahau kila Jumatatu,
basi akatuandikia ubaoni kitu chenye vina:

    Chaji ikiwa tulivu, haina la kuitika,
    ikizungushwa kwa nguvu, dira hapo hugeuka;
    ya ukingoni ni mbivu, ndiyo yenye kusikika,
    ya kitovuni ni jivu, yazunguka na kuchoka.

Chini yake, kwa chaki ndogo, kama mtu aonaye haya:
chaji, gawanya kwa tungamo mara mbili,
zidisha kwa mzunguko wote wa kitu.
*Iwapo chaji na tungamo wamelala kitanda kimoja.*

Julai ikaja na upepo mkavu wa Misungwi.
Saa tatu usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Majirani wakaguna; yeye akapiga makofi:
"Nyaya zimenyamaza! Holo, shika tochi. Usipumue."

Sindano ilining'inia kwa uzi wa buibui wa stoo,
na kioo chake, kidogo kama gamba la furu,
kikatupa doa la mwanga ukutani.
Lori la samaki likapita. Doa likatetemeka.
Tukalisubiri litulie.

Akakanyaga.
Santuri ikavuma,
na doa likasogea
unene wa punje ya uwele.

Akasimamisha: likarudi.
Akaukunja mkanda umbo la nane,
santuri ikazunguka kinyume,
doa likaenda upande wa pili. Punje ileile.
Hakuna aliyeshangilia. Mbwa mmoja alibweka Mabatini.

"Na elektroni," nikauliza, "nayo ni santuri?"
Akaizima tochi kuokoa betri.
"Hapana. Yule tunampigia hesabu ya moja,
anatuletea mbili.
Ukimfanya kampira, basi ngozi yake
ingebidi iushinde mwanga mbio.
Sijui ni nini kizungukacho mle."
Alisema *sijui* polepole,
kama mtu anayetaja jina la mdeni ampendaye.

Mimi sasa nasuka mota, Nyakato:
pampu za bustani, mashine za kusaga.
Mteja huuliza mbona napoteza waya,
mbona mzunguko naupeleka nje, nje kabisa.
Namjibu: ya kitovuni ni jivu.
Haongezi hata shilingi.

Santuri iko juu ya kabati, imefungwa gazetini.
Masika siigusi.
Lakini mwezi wa saba, umeme ukikatika,
naishusha,
natafuta soksi.